Insha ya Macbeth: nani anisahihishie?

SWALI: Mwalimu, nasoma kidato cha tano, kwetu Nyakasimbi, Karagwe. Insha yangu ya Kiingereza kuhusu Macbeth imerudi imejaa wino mwekundu. Nimpe nani anisahihishie?

JIBU: Usimpe mtu akuandikie upya. Mwombe mwenzako aisome kwa sauti, wewe usikilize. Makosa mengi utayanasa hapo. Chunguza “he” na “she”: “yeye” yetu haibagui, ndiyo maana Lady Macbeth hugeuka mwanamume kwenye madaftari (nimecheka mara nyingi). Acha pia kusimulia hadithi nzima, msahihishaji anaijua. Eleza anguko: wachawi walitabiri ufalme tu, hawakumwagiza Macbeth amuue Mfalme Duncan. Ukikwama, tafuta Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968.