Mtoto Akiwekwa Makao: Njia ya Mzazi Kumfuata

Somo kwa wanachama na viongozi wa matawi



Somo letu safari hii si la mishahara wala saa za kazi, lakini limetoka kazini. Ni juu ya mzazi mfanyakazi ambaye mtoto wake amechukuliwa na kuwekwa katika makao ya watoto. Nimelichagua kwa sababu jambo hili limewapata wanachama wetu, na mara ya kwanza lilipofika mbele yangu nililiharibu. Nitaanza na kosa langu, ili wengine wasilirudie.

KISA CHENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja la chai huku magharibi ya Uganda, mama mmoja mchuma chai alikuja kwangu jioni. Mume wake alikwenda Kampala kutafuta kazi na hakurudi. Kila siku mama huyu alitoka kambini alfajiri, akamwacha mtoto wa miaka minne na dada yake wa miaka tisa. Siku moja maji ya moto yakamwagikia yule mdogo. Majirani wakamkimbiza hospitali, polisi wakaitwa, na watoto wote wawili wakapelekwa makao ya watoto mjini. Mama akarudi na kapu lake mgongoni, akakuta chumba hakina mtu.

"Ndugu Katibu, wamenichukulia watoto," akaniambia. "Niende wapi?"

Nikamjibu: "Mama, hayo ni mambo ya serikali. Tulia kwanza, watakuita."

Akatulia. Hakuna aliyemwita. Aliwaogopa polisi, na aliogopa kukosa siku ya kazi kwa maana alilipwa kwa kilo. Miezi saba ikapita. Tulipokwenda naye makao hatimaye, tukaonyeshwa faili. Kumeandikwa: mzazi hajafika, wala hajauliza. Yule mdogo alipomwona mama yake alijificha nyuma ya mlezi. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja mpaka watoto wakarudi nyumbani.

Ndugu, mama huyu hakuwatupa watoto wake. Alifuata shauri langu. Lakini faili haliandiki machozi ya mtu chumbani kwake. Linaandika siku alizofika. Hilo ndilo la kushika katika somo hili: kimya cha mzazi huhesabiwa kuwa amemwacha mtoto.

SHERIA INASEMA NINI

Uganda ina Sheria ya Watoto ya mwaka 1996, iliyorekebishwa mwaka 2016. Si lazima uijue yote. Jua mambo haya.

Kwanza, mtoto ana haki ya kukaa na wazazi wake. Anayeweza kuamua kwamba mtoto akae makao ni mahakama, yaani Mahakama ya Familia na Watoto. Katika hatari ya ghafula mtoto huweza kupokelewa kwanza, lakini dharura haigeuki kuwa ruhusa ya kudumu. Shauri lazima lifike mahakamani.

Pili, anayepeleka maombi mahakamani kwa kawaida ni Ofisa wa Ustawi wa Jamii wa wilaya, yule ambaye watu humwita "probesheni". Sheria inamtaka awe amejaribu njia nyingine zote za kumsaidia mtoto, isipokuwa hatari iwe kubwa kiasi kwamba mtoto lazima aondolewe mara moja. Mahakama pia inaweza kuamuru mtoto abaki nyumbani chini ya uangalizi wa ofisa huyo kwa mwaka mmoja. Wazazi wengi hawajui kwamba njia hii ipo, kwa hiyo hawaiombi.

Tatu, amri ya kumweka mtoto makao ina mwisho. Haizidi miaka 3, au mpaka mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Tena mahakama inapaswa kuiangalia upya kila mwaka. Mzazi anaweza kuomba ibadilishwe au ifutwe.

Nne, umaskini peke yake si kosa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa juu ya malezi ya watoto, uliopitishwa Desemba 2009, unasema kwamba ufukara wa mzazi usiwe sababu pekee ya kumtenga na mtoto wake. Unasema ni dalili kwamba jamaa hiyo inahitaji msaada. Uganda nayo ilitoa utaratibu wake wa taifa mwaka 2012, unaosema kwamba makao yawe njia ya mwisho baada ya jamaa, ukoo na walezi wengine.

Tano, Mapatano ya Haki za Mtoto, ambayo Uganda iliyakubali mwaka 1990, yanasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetengwa na mzazi wake ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa ikiwa kuonana huko kutamdhuru. Kwa hiyo ukienda kumtazama mwanao huendi kuomba fadhila.

WATU WA KUWAENDEA

Hodi ya kwanza ipige karibu, halafu songa mbele.

1. Baraza la kijiji, LC 1. Makamu mwenyekiti ndiye mwenye kazi ya mambo ya watoto. Anakujua, anaijua nyumba yako, na barua yake ina uzito. Mwombe aandike unakaa wapi, unafanya kazi gani, na nani katika ukoo anaweza kukusaidia kulea.

2. Ofisa wa Maendeleo ya Jamii katika makao makuu ya kata ndogo. Wengi wetu tunampita tukikimbilia wilayani, kumbe yeye yu karibu zaidi. Ndiye anayejua vikundi vya akiba na misaada iliyopo, na pale penye watu wa kujitolea waliofundishwa kazi ya ustawi wa jamii vijijini, yeye anawafahamu.

3. Ofisa wa Ustawi wa Jamii wilayani. Hawa ni wachache kwa wilaya nzima, na mara nyingi hawana usafiri. Usingoje aje kwako. Nenda wewe. Muulize mambo matatu: amri ya mahakama ipo au haipo? Ilitolewa tarehe gani? Niwe nimefanya nini ili mtoto arudi? Majibu yaandikwe.

4. Makao yenyewe. Uliza siku za kutembelea na jina la mlezi anayemhudumia mtoto wako. Kila ukienda, omba jina lako liandikwe katika kitabu cha wageni.

5. Mahakama. Usiogope neno hili. Mahakama ya Familia na Watoto haikai kama ile ya wezi. Kesi husikilizwa faraghani, kwa kuulizana na kuelezana. Mzazi anasikilizwa, na anaweza kuwa na wakili.

6. Msaada wa sheria bila malipo. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, husaidia katika mashauri ya familia. Na simu ya watoto ya taifa ni 116, haitozwi pesa. Wengi hudhani ni ya kushtaki tu, lakini mzazi naye anaweza kupiga aulize pa kuanzia.

DAFTARI LA MZAZI

Yule mama alipoanza tena, tulimnunulia daftari la shule. Hajui kuandika sana, basi binti wa jirani alimwandikia. Kila alipofika ofisi yoyote waliandika tarehe, jina la ofisa na alichosema. Kila alipokwenda makao waliandika. Risiti za basi zikabandikwa humo. Siku ya mahakama hakimu alilifungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Lile faili lilisema hajafika. Daftari likaonyesha mara kumi na moja alizofika. Basi kila mzazi awe na daftari.

Jambo jingine: usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa lugha yako, mbele ya mtu unayemwamini, na uombe nakala. Kuna karatasi ya kukubali mtoto atunzwe kwa muda, na kuna karatasi ya kukubali mtoto aasiliwe, yaani awe mtoto halali wa watu wengine kabisa. Hizi mbili ni kama mvua na mafuriko. Kuasili kunakata haki za mzazi wa kuzaa moja kwa moja. Mzazi anayejulikana lazima aombwe ridhaa, isipokuwa awe hawezi kuitoa, na akishaitoa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla mahakama haijatoa amri.

Sisemi hili kuwatisha. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2016, watoto wengi wa Uganda walipelekwa ng'ambo kwa amri za ulezi, na baadhi ya wazazi walidhani mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Mwezi Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo raia wanne wa Uganda, wakiwamo majaji wawili, kwa shutuma za kushiriki katika mpango wa kuwachukua watoto kwa wazazi wa vijijini kwa hila. Wazazi hao walikuwa watu kama sisi, wanaoheshimu karatasi kwa sababu tu ina mhuri.

KAZI YA TAWI

Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kinahusika vipi na mambo ya nyumbani? Nami zamani niliuliza hivyo. Lakini tazameni chanzo. Mtoto yule aliungua kwa sababu mama yake alikuwa akichuma chai na hapakuwa na mahali pa kumwacha. Hilo ni jambo la kazi.

Kwa hiyo tawi lifanye haya:

Mwanachama akipatwa, kiongozi mmoja amsindikize ofisi ya kwanza ndani ya juma hilo hilo. Mtu mwenye hofu akienda peke yake hurudi na nusu ya maneno aliyoambiwa.

Tawi lizungumze na wasimamizi apewe siku ya mahakama bila kupoteza kazi. Sheria ya Kazi ya 2006 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Penye makubaliano na mwajiri, tudai siku za dharura ya familia ziandikwe humo.

Tuchangiane nauli. Basi la kwenda mjini na kurudi hula ujira wa siku nzima au zaidi. Wazazi wengi huacha kutembelea kwa sababu ya nauli, halafu watu husema hawana mapenzi.

Na tudai mahali pa kulelea watoto katika mashamba. Chumba kimoja, mama mmoja mwenye kulipwa, na uji wa saa nne. Hilo lingewaokoa watoto wale wawili kuliko mahakama yoyote.

Lakini tusidanganyane. Wako watoto wanaopigwa na kuumizwa nyumbani, na wako wanaotendewa maovu na watu wao wenyewe. Hao wanahitaji kuondolewa. Kadi ya chama si ngao ya mtu mkatili. Mwanachama wa namna hiyo tutamsindikiza afuate masharti aliyopewa, lakini hatutamtetea kwa uongo. Na mzazi mlevi anayetaka mtoto wake arudi, tumwambie wazi kwamba safari yake inaanzia kilabuni, siku atakayopita asiingie.

MWISHO

Watoto wale walirudi. Yule mdogo alichukua miezi mingi kabla ya kulala bila kuamka akilia. Miezi ile saba hakuna mahakama inayoweza kuirudisha, na mimi nina sehemu yangu katika kupotea kwake. Mama yao leo ni mjumbe wa kamati ya tawi. Mzazi akija na habari kama yake, yeye ndiye anayesimama kwanza. Hasemi "tulia". Anauliza, "Una daftari?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika kambi yenu, watoto wadogo huachwa na nani saa za kazi? Hesabuni nyumba kwa nyumba.

2. Nani kati yenu anamjua kwa jina makamu mwenyekiti wa LC 1, na Ofisa wa Maendeleo ya Jamii wa kata ndogo yenu?

3. Mwanachama akija leo jioni aseme mtoto wake amechukuliwa, nani atamsindikiza kesho, na nauli itatoka wapi?

4. Kuna tofauti gani kati ya amri ya kumweka mtoto makao na kuasili? Mmoja aeleze kwa lugha ya nyumbani kwake, wengine wamsahihishe.