Somo la Tisa: Soma Pakiti Kabla ya Kumeza



Umekwisha kujifunza kusoma barua, risiti na mizani. Leo tutasoma pakiti ya dawa. Maandishi yake ni madogo, lakini yanaweza kuokoa maisha yako.

1. Maumivu yanatoka wapi?

Tuseme umepata mafua. Siku ya tatu pua imeziba. Kichwa kinauma juu ya macho. Mashavu ni mazito. Ukiinama kuchukua jembe, maumivu yanazidi. Hata meno ya juu yanauma.

Ndani ya mifupa ya uso mna nafasi zenye hewa. Ziko kwenye paji la uso, nyuma ya mashavu na katikati ya macho. Waganga huziita sainasi. Kila nafasi ina kijia chembamba cha kupitishia kamasi mpaka puani. Ukipata mafua, ndani ya pua huvimba. Kijia huziba. Kamasi hukosa njia, nawe unasikia uso unabanwa.

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na virusi vya mafua. Mwili wenyewe huvishinda. Watu wengi hupata nafuu katika siku 7 hadi 10. Antibiotiki haziui virusi. Kwa hiyo usinunue vidonge vya rangi mbili kwa sababu tu jirani alivitumia.

2. Anza na maji na chumvi

Pumzika. Kunywa maji ya kutosha. Kisha safisha pua hivi:

Chemsha nusu lita ya maji. Tia kijiko 1 cha chai cha chumvi. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Mimina maji kidogo kiganjani, yavute taratibu kwa tundu moja la pua, kisha yaache yatoke. Fanya hivyo na tundu la pili. Maji yanayobaki yamwage.

Usitumie maji ya kisima au ya bomba ambayo hayakuchemshwa. Yanaweza kuingiza vijidudu puani.

Wengi wetu hupenda kujifukiza. Jihadhari. Sufuria ya maji ya moto ikipinduka, utaungua vibaya. Mtoto asifukizwe kabisa.

3. Pakiti mbili, dawa moja

Maumivu hayakupungua. Unakwenda duka la dawa. Unarudi na pakiti 2. Ya kwanza ni ya kutuliza maumivu. Ya pili ni ya mafua. Rangi zake ni tofauti. Majina yake ni tofauti. Unasema, "Hii ni ya kichwa, na hii ni ya pua."

Ngoja kwanza. Soma maandishi madogo.

Dawa nyingi zina majina mawili. Jina kubwa limewekwa na kiwanda ili uikumbuke dawa yao. Jina dogo ni la dawa yenyewe. Hiyo ndiyo inayofanya kazi mwilini. Mara nyingi utaona maandishi haya:

PARACETAMOL 500 mg

Sisi tunasema parasetamoli. Herufi mg maana yake ni miligramu. Pakiti iliyotoka Marekani huandikwa ACETAMINOPHEN. Dawa ni ile ile.

Sasa soma pakiti ya pili. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, zikiwa zimechanganywa na dawa nyingine. Basi huenda umenunua dawa moja mara mbili.

4. Tupige hesabu

Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500. Husubiri saa 4 hadi 6 kabla ya kumeza tena. Asizidishe vidonge 8 katika saa 24, yaani usiku na mchana.

Vidonge 8 × 500 = miligramu 4,000. Hicho ndicho kikomo.

Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini na mwenye kunywa pombe sana waulize kwanza. Kikomo chao huenda kikawa kidogo zaidi.

Sasa tuangalie zile pakiti mbili. Tuseme kila kidonge kina miligramu 500 za parasetamoli.

Vidonge 2 vya maumivu + vidonge 2 vya mafua = vidonge 4.
Vidonge 4 × mara 3 kwa siku = vidonge 12.
Vidonge 12 × 500 = miligramu 6,000.

Umezidisha miligramu 2,000. Ukitazama kila pakiti peke yake, ulimeza vidonge 6 tu. Hukukosea kwenye pakiti yoyote. Kosa ni kwamba hukujumlisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Parasetamoli ni dawa nzuri ikitumiwa kwa kipimo. Ikizidi huharibu ini, na ini likiharibika sana mtu hufa. Tena huharibu kimyakimya. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa, huku ini linaumia. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, usisubiri kuumwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue pakiti zako. Dawa ya kulikinga ini ipo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

5. Mambo mengine ya kuangalia

Dawa za kuzibua pua huweza kupandisha shinikizo la damu. Kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, mwambie muuzaji kabla hujanunua.

Dawa ya matone ya kuzibua pua isitumike zaidi ya siku 5. Ukizidisha, pua itaziba kuliko mwanzo.

Baadhi ya dawa za mafua huleta usingizi. Ukizimeza, usiendeshe pikipiki wala mashine ya kusaga.

Aspirini na ibuprofeni huweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu na mama mjamzito. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila amri ya daktari.

Usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Dawa yake hupimwa kwa uzito na umri wake.

Tazama pia herufi EXP. Tarehe inayofuata ni mwisho wa dawa kutumika. EXP 06/2028 maana yake ni mwezi wa 6, mwaka 2028. Ukipita, usiitumie.

6. Usikae nyumbani

Nenda zahanati upesi ukiona mojawapo ya dalili hizi:

Jicho limevimba, au unaona vitu viwili viwili.
Shingo imekakamaa.
Kichwa kinauma sana kuliko kawaida.
Ulipata nafuu, kisha ukazidiwa.
Siku 10 zimepita bila nafuu.
Una homa. Usidhani ni mafua tu. Pimwa malaria.

Zoezi

1. Kwa nini kamasi hukosa njia ya kutoka?
2. Mtu amemeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 asubuhi, 2 mchana na 2 jioni. Amemeza miligramu ngapi? Vimebaki vidonge vingapi kufikia kikomo?
3. Andika neno PARACETAMOL mara 3 katika daftari lako.
4. Kesho leta darasani pakiti ya dawa iliyoko nyumbani. Tafuta jina dogo, miligramu na tarehe. Halafu mwonyeshe jirani yako ambaye bado hajui kusoma.