Bima ya kazini imepanda, na mwakani nastaafu

SWALI: Mimi ni dereva wa kampuni binafsi hapa Ihumwa. Bima tunayolipiwa kazini imepanda, na mwajiri anataka nasi tuchangie. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anatibiwa bila kuchangia chochote. Mbona mimi sivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, hizo ni bima mbili tofauti. Jirani yako yuko NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, kila upande hutoa 24,000. Mtumishi anapostaafu kwa mujibu wa sheria, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa.

Bima ya kampuni yako ni mkataba wa mwaka mmoja. Mkiugua sana mwaka huu, au hospitali zikipandisha bei, mkataba ujao hupanda. Nayo hukoma ajira inapokoma.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mshahara ukatwe kiholela. Usisaini fomu kabla ya kuonyeshwa kiasi na mafao yaliyobaki. Mkishindwa kuelewana, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Usisubiri barua ya kustaafu. Nenda ofisi ya NHIF Dodoma mjini sasa, ukiwa bado na mshahara, uulizie vifurushi vya kujilipia na utaratibu wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023.