Vibali vya Moshi: Nani Hulipa Gharama ya Hewa Safi?

Hewa haina mpaka. Moshi utokao katika dohani ya kiwanda kilichoko jimbo moja huchukuliwa na upepo hadi jimbo la pili, na wanaouvuta huko hawana kauli juu ya kiwanda hicho. Kwa sababu hiyo nchi yenye majimbo mengi, kama vile Marekani, hukabiliwa na swali gumu: sheria ya hewa itungwe na jimbo, au na serikali ya shirikisho? Na sheria hizo mbili zikitofautiana, gharama ya kuzilinganisha ibebwe na nani? Somo hili laeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na jinsi jibu lenyewe lilivyozaa tatizo jipya.

Asili ya sheria

Kwa kawaida hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ile ya juu; hupanda na kuuchukua moshi. Lakini mara nyingine tabaka la hewa yenye joto hukaa juu ya hewa baridi, likawa kama kifuniko cha chungu. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Oktoba 1948 katika mji wa Donora, jimbo la Pennsylvania. Moshi wa viwanda vya zinki na chuma ulizuiwa bondeni kwa siku kadhaa, na watu 20 walifariki.

Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Richard Nixon alitia saini sheria kuu ya hewa safi. Msingi wake ni mgawanyo wa kazi: serikali ya shirikisho, kwa njia ya shirika la kulinda mazingira liitwalo EPA kwa kifupi, huweka viwango vya usafi wa hewa, majimbo hupanga njia za kuvifikia na kuvisimamia. Hata hivyo, kwa miaka 20 masharti yaliyohusu kiwanda kimoja yalitawanyika katika hati nyingi. Haikuwa rahisi kwa mkaguzi, wala kwa raia, kujua kiwanda fulani kinaruhusiwa kutoa kiasi gani cha gesi.

Marekebisho ya mwaka 1990 yaliondoa kasoro hiyo. Kila mtoaji mkubwa wa uchafu alitakiwa awe na kibali kimoja chenye masharti yake yote, na majimbo yakapewa hadi Novemba 1993 kuwasilisha mipango ya vibali inayolingana na sheria ya shirikisho. Mtoaji mkubwa, kwa jumla, ni yule awezaye kutoa tani 100 au zaidi za uchafu wa aina moja kwa mwaka. Mahali ambapo hewa imeharibika vibaya, kiwango hicho hushuka hadi tani 25, hata 10, kwa gesi zinazozalisha ozoni.

Gharama na hesabu yake

Kibali si karatasi tu. Wahandisi hupima na kukadiria gesi. Wanasheria huandika masharti. Wananchi hupewa muda usiopungua siku 30 kutoa maoni. EPA nayo hupewa siku 45 kukikagua. Baada ya miaka 5 kibali hutakiwa kufanywa upya. Kazi zote hizi zahitaji mishahara, vyombo na maabara.

Sheria iliamua kwamba gharama hizo zisitoke katika kodi ya kila raia, bali zilipwe na wachafuzi wenyewe. Kiwango kilichotajwa ni dola 25 kwa tani, kikipandishwa kila mwaka kadiri bei za vitu zinavyopanda. Katika miaka ya 2020 kilipita dola 50. Jimbo laweza kutoza pungufu ya hapo likithibitisha kwamba fedha hizo zatosha. Kadhalika, jimbo linaruhusiwa kutohesabu tani zinazozidi 4,000 za uchafu wa aina moja kutoka mahali pamoja. Tani yenyewe ni ya Kimarekani, yaani ratili 2,000 au kilo 907 hivi.

Tuseme kiwanda cha mfano hutoa kwa mwaka tani 880 za dioksidi ya salfa na tani 120 za vumbi. Kwa kiwango cha mwanzo ada yake ni:

(880 + 120) × 25 = dola 25,000.

Kiwanda hicho kikifunga mtambo wa kusafisha gesi, tisa ya kumi ya dioksidi ya salfa ikaondoka, zitabaki tani 88. Ada sasa ni:

(88 + 120) × 25 = dola 5,200.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Hewa imekuwa safi zaidi, kama ilivyokusudiwa, lakini mapato ya ofisi ya vibali yamepungua kwa karibu sehemu nne kati ya tano, yaani asilimia 79. Kazi ya ofisi haikupungua: kibali ni kile kile, na mtambo mpya umeongeza kitu cha kukaguliwa. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa EPA alitoa taarifa iliyoonya kwamba mapato ya ada yanazidi kupungua na kuhatarisha usimamizi wa vibali.

Mfano wa California

Kwa miaka mingi sheria ya jimbo la California ilisamehe vyombo vya kilimo kuwa na vibali vya hewa. Sheria ya shirikisho haikuwa na msamaha huo. Tofauti hii ilikuwa na uzito mkubwa katika bonde la San Joaquin, lenye mashamba makubwa na lililozungukwa na milima pande tatu. Injini za dizeli zinazosukuma maji ya kumwagilia hutoa oksidi za naitrojeni; oksidi hizo, zikichanganyika na mivuke mingine katika mwanga wa jua, huzalisha ozoni, gesi inayoudhi mapafu na kuzidisha pumu.

Mwaka 2002, baada ya vikundi vya kutetea mazingira kwenda mahakamani, EPA iliondoa sehemu ya idhini yake kwa mipango ya vibali ya California. Jimbo lisilosahihisha kasoro kama hiyo kwa wakati laweza kunyimwa fedha za shirikisho za barabara. Septemba 2003 Gavana Gray Davis alitia saini sheria iitwayo SB 700, na msamaha ukafutwa kuanzia Januari 2004.

Gharama ya kulinganisha sheria iligawanyika. Ofisi za wilaya za hewa ziliongezewa kazi. Wakulima wakubwa walianza kuomba vibali, ilhali wadogo, walio chini ya nusu ya kiwango cha mtoaji mkubwa, kwa kawaida walibaki nje. Hazina ya umma nayo ilichangia kubadilisha injini kuukuu za pampu kwa mpango wa jimbo uitwao Carl Moyer, ulioanza mwaka 1998.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba kabla ya mwaka 2004 moshi wa mashamba haukuwa na gharama. Gharama ilikuwapo, ila haikuandikwa katika daftari la serikali. Ililipwa kwa dawa za pumu na kwa siku ambazo watoto hawakwenda shule. Kibali hakizui gharama, bali huidhihirisha na kumwonyesha anayepaswa kuilipa.

Maswali

1. Kiwanda hutoa tani 5,000 za dioksidi ya salfa na tani 600 za oksidi za naitrojeni kwa mwaka. Tafuta ada yake kwa dola 25 kwa tani, ukizingatia kikomo cha tani 4,000.

2. Eleza kwa mchoro jinsi tabaka la hewa yenye joto linavyozuia moshi bondeni.

3. Jadilini darasani: ada itozwe kwa tani, kwa idadi ya mitambo inayokaguliwa, au kwa njia zote mbili? Toeni sababu.