SOMO LA WANACHAMA: TOVUTI YA CHAMA IKAE KWA NANI?



Matawi kadhaa yameuliza swali moja: chama kikitaka kuwa na tovuti yake, nafasi ikodiwe kwa kampuni ipi? Kampuni za kazi hiyo ni nyingi, kila moja inajisifu, na vijana wetu wanaojua kompyuta hawapatani. Sisi tunaoandika somo hili tuliishia darasa la saba, tukaingia shambani kuchuma chai. Hatudai utaalamu. Lakini jambo hili lilituchoma vidole, na yafaa tuliyojifunza yawafikie wenzetu kabla hawajatoa pesa za wanachama.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kurasa za tovuti hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Mwanachama aliye kambini akiandika jina la tovuti kwenye simu yake, simu huuliza jina hilo linakaa katika seva gani, kisha seva humpelekea ukurasa. Chama hakiwezi kununua seva na kuilinda na umeme unaokatika, kwa hiyo tunakodi nafasi ndani ya seva ya kampuni. Basi tunalipia vitu viwili. Kimoja ni jina, kama lile linaloishia na .org au .ug. Cha pili ni nafasi. Mara nyingi vyote viwili hulipiwa kwa mwaka, na vyaweza kununuliwa kwa kampuni mbili tofauti. Jina ni kiwanja chenye hati, nafasi ni chumba cha kupanga. Ukigombana na mwenye chumba unahama, lakini ukipoteza hati huna pa kuhamia.

Sisi tulichanganya viwili hivi, na tulilipa.

Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, kwa bei ya udugu. Alifanya kazi nzuri. Tuliweka humo mapatano ya mishahara, bei ya kilo ya majani, na namna ya kuleta malalamiko. Jina alilisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, na alilipa kwa kadi ya rafiki yake, kwani tawi halikuwa na kadi ya benki ya kulipia ng'ambo. Sisi tulimrudishia pesa mkononi, bila stakabadhi. Mwaka wa pili kijana akapata kazi Ghuba, akaondoka. Barua za kukumbusha malipo zilikwenda kwenye anwani aliyokuwa haifungui tena. Jina likaisha muda, likachukuliwa na watu tusiowajua, wakaweka mchezo wa kamari.

Ilitokea wiki ile ile tulipokuwa mezani na mwajiri juu ya mishahara. Tulikuwa tumewaambia wachumaji wasome madai yetu kwenye tovuti. Walifungua simu wakakuta matangazo ya kubahatisha mpira. Meneja alitugeuzia simu yake mezani, akauliza kama hayo ndiyo madai. Hatukuwa na jibu. Kambini maneno yakaenea kwamba viongozi wameuza tovuti. Ilituchukua miezi mingi ya mikutano kuyafuta.

Hatumlaumu kijana. Sisi ambao hatungekubali hata siku moja akaunti ya benki ya tawi ifunguliwe kwa jina la mweka hazina peke yake, tuliona sawa jina la chama likae mfukoni mwa mtu mmoja. Sasa tunafanya kama benki. Jina limesajiliwa kwa jina la chama. Barua pepe iliyoandikwa huko ni ya ofisi, wala si ya katibu. Neno la siri wanalo watu wawili, katibu na mmoja wa wadhamini, na nakala yake iko katika bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la pesa. Tarehe ya kulipia imeandikwa katika kitabu cha mikutano. Yafaa pia kujua kwamba majina yanayoishia na .com au .org hayapotei siku ile ile yanapoisha muda. Yakishafutwa kwenye daftari, mwenyewe bado hupewa siku 30 za kuyakomboa, ingawa faini ni kubwa. Sisi hatukujua, siku zikapita.

Tuje kwenye nafasi. Hapa wauzaji husema maneno makubwa, hasa neno "bila kikomo". Ndugu, pigeni hesabu wenyewe. Simu ya siku hizi hupiga picha ya megabaiti 3 au 4. Ukurasa wenye picha kumi kama hizo ni megabaiti 30 hadi 40, na anayelipa ni mchumaji, kutoka kwenye bando lake. Mwambieni fundi azipunguze, kila picha iwe kilobaiti 150. Picha kumi zitakuwa megabaiti moja na nusu. Wanachama 2,000 wakifungua ukurasa huo mara mbili kwa mwezi, jumla ni megabaiti 6,000, yaani kama gigabaiti 6. Huo ni mzigo mdogo, hata nafasi ya bei ya chini kabisa huubeba. Anayewauzia nafasi ya kiwanda kizima wakati nyinyi mna meza moja na viti vinne, anawaibia kwa adabu.

Bei ya kuangalia ni ya mwaka wa pili. Wengi hutangaza bei ndogo ya mwaka wa kwanza, kisha hupandisha mara mbili au zaidi mkishaingia. Bei hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini. Ulizeni pia kama cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, kinatolewa bure. Shirika la Let's Encrypt lisilotafuta faida lilianza kuvitoa bure mwaka 2015, na kampuni nyingi huviweka bila malipo. Na kabla ya kulipa, wapigieni simu Jumapili usiku. Sisi tulijaribu kampuni tatu. Moja tu ilipokea, nayo ndiyo tuliyoichagua, ingawa haikuwa ya bei ya chini kuliko zote. Jambo jingine lililotuvuta ni kwamba inapokea pesa kwa simu na kutoa stakabadhi yenye jina la chama, hata mkaguzi wa hesabu akaridhika.

Je, seva iwe nchini au ng'ambo? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine jirani. Siku kama hiyo, tovuti iliyo katika seva ya Kampala yaweza kumfikia mwanachama wa Uganda bila kuvuka bahari. Kwa upande mwingine, intaneti ilipofungwa Uganda nzima kutoka usiku wa 13 Januari hadi 18 Januari 2021 wakati wa uchaguzi, mwanachama wa Uganda hakuweza kusoma tovuti yoyote, ya karibu wala ya mbali. Kilichobaki kwetu ni ubao wa matangazo penye mizani. Kwa hiyo ubao usiuondoe. Tukipima yote, sisi twapenda seva ya karibu kwa sababu wasomaji wetu wako karibu, lakini hatugombani na tawi linalochagua ng'ambo.

Jambo ambalo hatukubali kulegeza ni nakala ya akiba. Usiku wa 10 Machi 2021, moto uliwaka katika majengo ya seva ya kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Hii ni mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hiyo katika Ulaya. Jengo moja la orofa tano liliteketea, na la jirani likaungua sehemu. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti zipatazo milioni 3.6 zilizimika. Wengine waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi baada ya muda. Kulikuwa na mteja aliyelipia kabisa huduma ya nakala, kumbe nakala hiyo ilikuwa katika jengo lile lile lililoungua! Akalazimika kwenda mahakamani. Basi swali la kuuliza kampuni si "mna nakala?" Wote watajibu ndiyo. Ulizeni nakala inakaa jengo gani, na kama nyinyi wenyewe mwaweza kuichukua wakati wowote bila kuomba ruhusa. Sisi katibu wetu huichukua kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, anaiweka katika diski ndogo inayokaa nje ya ofisi. Mara moja kwa mwaka twaifungua katika kompyuta nyingine tuone kama kweli inafunguka. Mwaka wa kwanza haikufunguka.

Kuna hatari nyingine inayowahusu wafanyakazi zaidi ya wenye duka. Mwezi Julai 2005 wafanyakazi wa kampuni ya simu ya Telus, magharibi ya Kanada, walikuwa katika mgogoro na mwajiri wao. Tovuti moja iliyowaunga mkono, iitwayo Voices for Change, ilifungiwa na Telus yenyewe, wateja wake wa intaneti wasiweze kuisoma. Kampuni ilidai kwamba tovuti hiyo ilionyesha picha za waliovuka mstari wa mgomo. Watafiti wa OpenNet Initiative walikuta kwamba tovuti nyingine 766, ambazo hazikuwa na habari na mgomo, zilifungiwa pamoja nayo, kwa sababu zilikaa katika seva moja. Ndivyo ilivyo nafasi ya bei ndogo: nyumba ya vyumba vingi yenye mlango mmoja. Na ndivyo ilivyo pia mwajiri anaposhika mlango. Msikodi nafasi kwa kampuni ambayo mwajiri wenu ana hisa ndani yake, na jina msilinunue kwa yule yule mwenye chumba kama mwaweza kuepuka. Jina likiwa mkononi mwenu na nakala ikiwa sandukuni, mkifukuzwa Jumatatu mwaweza kuwa mahali pengine kabla ya wiki kwisha.

Tena, watumishi wa kampuni ya seva wanaweza kuona kilichomo. Orodha ya wanachama, daftari la michango, majina ya kamati ya mgomo, barua za akina mama wanaolalamikia manyapara, vyote hivyo visikae huko. Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, na chama kinachoanika majina ya wanachama wake kinaweza kushtakiwa kama mwajiri. Tovuti iwe ya yale ambayo hata meneja akiyasoma hatuoni haya.

Kwa majadiliano ya tawi: Ikiwa tovuti mnayo tayari, nani ameandikwa kuwa mwenye jina lake, na barua ya kukumbusha malipo huenda kwenye anwani ya nani? Tarehe ya kulipia ni lini? Katibu akiugua mwezi mzima, nani mwingine awezaye kuingia? Majibu yaandikwe katika kitabu cha mikutano, na yule asiyeweza kujibu la kwanza alitafute kabla ya siku ya mshahara.