Kinyesi chenye damu: usikimbilie duka la dawa

Mzazi wa Obunga, si kila kuhara kunahitaji antibiotiki. Mtoto akihara majimaji bila damu, kwa kawaida hutibiwa kwa ORS na zinki ya siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula.

Kinyesi chenye damu mara nyingi huletwa na bakteria waitwao Shigella. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akilazwa, sampuli ya kinyesi huchukuliwa mapema, kisha dawa huanzishwa bila kungoja majibu ya maabara, yanayochukua siku 2 au 3. Majibu hayo huonyesha iwapo dawa ibadilishwe.

Antibiotiki ya kukisia yaweza kuficha vijidudu wakati wa kupima. Ikiwa umeshampa, mwambie daktari.

Macho yakibonyea, akilegea au akishindwa kunywa, mkimbize hospitalini.