Nyumba Ikinuka Gesi: Kijitabu cha Kaya za Kitui na Makueni

Ukiingia jikoni ukapokelewa na harufu kama ya mayai viza au kabeji iliyooza, na hakuna kilichooza, chukulia kuwa ni gesi. Huenda baadaye ukagundua ni panya aliyefia nyuma ya kabati. Vyema, hakuna aliyeumia.

Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, haina harufu yake yenyewe. Hutiwa dawa yenye kunuka makusudi, ili pua ya mtu itambue uvujaji kabla gesi haijawa nyingi kiasi cha kulipuka. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja tu inatosha. Lakini pua nayo huzoea. Mtu aliyekaa jikoni tangu asubuhi anaweza asisikie kitu, na anayetoka nje akasikia mara moja. Mwenye mafua hasikii vizuri, wala wazee wengi. Mtoto akirudi kutoka shule akasema kunanuka, msimbishie.

Jambo la pili ni hili, nalo ndilo linalowaponyoka wengi: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi. Hushuka sakafuni, ikatambaa, ikapita chini ya mlango na kufuata mteremko. Kwa sababu hiyo dirisha la juu husaidia kidogo tu. Mlango ndio unaoitoa.

Sasa fikiria jiko la kwetu lilivyo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupika hasa kwa kuni, na takriban robo kwa gesi. Ukambani nyumba nyingi zina vyote viwili. Chai na mayai ni ya gesi, ila muthokoi na isyo hakuna anayetaka kuzimalizia mtungi, kwa hiyo huchemka kwenye mafiga au jiko la mkaa. Vitabu vingi vya usalama wa gesi vimeandikiwa watu wenye moto wa aina moja tu nyumbani. Sisi tuna mtungi huku na makaa kule, pengine chini ya paa moja, na makaa yaliyofukiwa kwenye majivu ili yalale hadi asubuhi bado ni moto. Gesi ikiyafikia, yataiwasha. Katika ploti za Wote, Mwingi au Kibwezi ni vivyo hivyo: mtungi unavuja chumba cha pili, na jirani ameweka jiko lake la mkaa kwenye korido, mbele ya mlango.

Ukisikia harufu

Usiguse swichi. Si kuwasha tu, hata kuzima. Swichi hutoa cheche ndani yake inapobonyezwa, iwe ya stima au ya sola. Taa iliyokuwa inawaka iache iwake, friji iache ilivyo. Usiwashe kiberiti, na usitoe simu mfukoni kumulika.

Watoto na wazee watoke. Kama mtungi uko karibu na unafikika bila hatari, ufunge. Wa kilo 13 una regyuleta juu yake: zungusha kitasa chake mpaka kifunge. Mitungi mingi ya kilo 6, ile tunayoiita meko, ina bana iliyokazwa moja kwa moja juu ya mtungi. Funga kitasa cha bana. Harufu ikiendelea, fungua bana yote kwa kuizungusha, kwa kuwa valvu ya mtungi hujifunga yenyewe bana inapotoka. Ukisikia bado inafoka, usishindane nayo. Kuna uchafu umekwama kwenye valvu, na gesi ya maji inayoruka ina baridi ya kuunguza ngozi.

Acha mlango wazi, utoke. Kama mafiga yana moto chumba hicho hicho na harufu ni kali, usibaki nyuma kuyazima kwa maji wala kuchomoa kuni. Ondoka kwanza.

Mtungi unaobebeka utoe nje, ukiwa wima. Usiuweke upande wa juu wa mteremko wenye jiko la nje chini yake, wala karibu na bodaboda inayonguruma. Waambie majirani wazime majiko yao. Ukishafika mbali, ndipo upige simu: 999 au 112, au nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Usirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa, na kwa nyumba iliyofungwa vizuri hilo huchukua muda kuliko unavyodhani.

Kutafuta panapovuja

Hili ni la baadaye, hewa ikishasafika, na ni heri lifanyiwe nje. Kuna watu wanaotafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Wengine wamefanya hivyo miaka mingi bila kudhurika, na ndiyo maana huwezi kuwashawishi. Wewe tumia sabuni.

Koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo mpaka ipate povu zito. Fungua mtungi huku vitasa vya jiko vikiwa vimefungwa, kisha paka povu kwa kitambaa: pale regyuleta inapokaa kwenye mtungi, ncha zote mbili za mpira, mpira wenyewe kwa urefu wake, na kwenye vitasa. Kwa meko, paka shingo ambapo bana inakazwa. Tazama kwa utulivu. Penye uvujaji povu halitulii, bali linafura, linatoa vijipovu vipya kimoja baada ya kingine, wakati mwingine vidogo kama mbegu za wimbi.

Mara nyingi kosa liko kwenye kipete cha mpira kilicho chini ya bana au ndani ya mdomo wa mtungi. Kimekauka, kimepasuka, au kimedondoka dukani bila mtu kuona. Ni kitu cha bei ndogo. Mpira wa gesi nao huliwa na joto na panya. Ukiukunja ukaona nyufa, badilisha, usiuzungushie gundi ya karatasi. Ukikuta valvu ya mtungi ndiyo inayovuja, usiikaze kwa koleo. Rudisha mtungi dukani, na usiupakie kwenye matatu yenye abiria.

Harufu inayokuja mtungi ukikaribia kuisha si lazima iwe uvujaji, maana ile dawa ya harufu hujikusanya kwenye mabaki ya gesi. Pima kwa povu hata hivyo. Na ule mtindo wa kulaza mtungi au kuutikisa ili umalizie gesi ya mwisho uacheni: gesi ya maji hufika kwenye bana, na moto ukaruka juu kuliko sufuria.

Unaponunua, tazama sili kwenye mdomo wa mtungi na uombe upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwenye chuma chake. Ongeza 6 au 13, na mzani useme hivyo hivyo. Mtungi uliojazwa uchochoroni hujui umejazwaje. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila kibali. EPRA, mamlaka ya nishati, ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Mtu akiungua

Maji safi ya baridi, yasiyo barafu, dakika 20. Najua maji ya punda yanavyohesabiwa kiangazi, lakini hapa msiyahurumie. Weka beseni safi chini ya kidonda, mwagia kwa kikombe, teka tena yale yale. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala unga. Funika kwa leso safi, mpeleke hospitali. Aliyeungua uso au aliyevuta moto asisubiri hata kama anaongea vizuri.

Hewa isiyonuka

Julai, baridi ikishuka, wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Makaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, rangi wala dawa ya kuitambulisha. Hapo pua haina kazi. Jiko lizimwe au litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama halitoi moshi tena. Mkiamka watu wawili au watatu mnaumwa kichwa pamoja, mna kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje mara moja, mwende hospitali siku hiyo hiyo, na mumwambie daktari kwamba mlilala na jiko ndani; asipojua, anaweza kudhani ni malaria.